Keki ya Nev

Mume wangu Nev alifanya kazi kwenye ile ndege miaka ishirini na miwili bila kuleta keki hata moja.

Pale Haverby, kwenye banda tunamoitunza, kila mtu anajua maana yake. Ukikosea kazi, kosa linaandikwa kwenye daftari jekundu pamoja na jina lako, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi linasomwa mbele ya wote, saa nne, wakati wa chai. Hupigwi faini wala hukaripiwi. Unaleta keki tu. Unaikata mwenyewe na kuigawa mwenyewe, na watu wakiwa wanatafuna unaeleza ulikosea vipi, ili mwingine asirudie. Trevor Blanchard, fundi wetu mkuu, ameshaleta keki kumi na nne. Mimi nimeleta tatu, zote kwa ajili ya mshono. Imogen, rubani wetu, aliwahi kuleta mbili kwa siku moja, kwa kuwa alisahau kufunga mkanda wa kiti cha nyuma, halafu akasahau kuandika kwamba alisahau.

Nev hakuleta. Wenzake walimtania weee, mpaka wakachoka.

"Nitakufa sijaonja keki yako, Nev," Trevor alikuwa akimwambia.

"Ukitaka keki nenda dukani," Nev alimjibu, wala kichwa hainui.

Akafa yeye kwanza, mwezi wa Januari, kwenye kiti chake, redio ikiendelea kusoma habari za hali ya hewa.

Siwezi kusema hakuwa na majivuno. Alikuwa fundi wa matrekta, mtu mpole, nyumbani alipoteza miwani mara mbili kwa siku na hakuona aibu. Lakini ile miaka yake bila keki aliipenda kama wengine wanavyopenda medali. Hakuitaja yeye. Aliacha watu waitaje, kisha akatazama pembeni kama hajasikia. Siku ya mazishi Trevor aliitaja kanisani na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, na nikaona vizuri kwamba hicho ndicho watakachomkumbuka nacho.

Ndege yenyewe tunaiita Ethel. Ni ndege ya kivita ya mwaka 1941, ya mabawa mawili, moja juu ya jingine. Mifupa yake ni chuma na ngozi yake ni kitambaa. Ilitengenezwa kubeba topido, lile bomu la kuzamishia meli, na kuruka kutoka kwenye meli. Ina viti vitatu visivyo na paa, na injini inayotema mafuta hata ikiwa imelala. Tuko watu kumi na tisa, karibu wote wastaafu, hatulipwi, tunakuja Jumanne na Jumamosi. Wengine wanasugua, wengine wanapaka rangi, wengine wanafungua vitu na kuvirudisha. Mimi kazi yangu ni kitambaa. Nilishona maturubai ya malori kiwandani miaka thelathini, na nilipoanza kulalamika kwamba Jumamosi sina mume, Nev alisema, "Basi nifuate huko huko, wanahitaji mtu wa sindano." Nikamfuata.

Haya ninayoandika yalianza Jumamosi moja katikati ya Aprili. Nilikuwa nimetandika kitani juu ya meza ndefu, nakata kipande cha kuzibia tundu la chini ya mkia. Trevor akaja amekumbatia kitabu cha kazi.

"Avril, una dakika?"

"Ninazo nyingi. Wewe ndiye huna."

Hakucheka. Aliweka kitabu mezani, juu ya kitani changu, jambo ambalo siku nyingine lingemletea maneno. Ukurasa ulikuwa wa mwezi wa Novemba. Niliujua mwandiko kabla sijasoma.

Kila kazi inayogusa vile vitu vya kuongozea ndege inataka sahihi mbili. Mmoja anafanya na kusaini. Wa pili anakuja na macho mapya, anatazama, anamuuliza maswali yule wa kwanza, naye anasaini. Macho mapya yetu ni Sunita Bhogal, aliyekuwa daktari wa meno mjini kwa miaka mingi. Tunamwita Daktari. Anakagua kwa kile kioo chake kidogo cha mpini, kile alichokuwa akiingizia watu kinywani, na mafundi wanamwogopa kama walivyomwogopa zamani wakiwa wamelala kwenye kiti chake. Lakini Jumamosi ile ya Novemba Daktari alikuwa kwa binti yake, mji wa Leicester. Nev alikaza bolti mbili zinazoshika kibawa cha mkia, kile kinachoinua na kushusha pua ya ndege, akazifunga waya, akasaini. Wiki iliyofuata ugonjwa wake wa moyo ukamzidi. Hakurudi tena bandani, na majira ya baridi yote hakuna aliyefungua ukurasa ule.

"Sahihi moja," Trevor alisema.

"Naona."

"Kazi yenye sahihi moja tunaihesabu haijafanyika. Na aliyesaini akiwa hayupo wa kuulizwa, tunakata, tunarudia upya. Unajua nani alitunga sheria hiyo."

"Nilikuwepo alipoitunga. Alikufungulisha kazi ya saa nne."

"Tano. Na kulikuwa na mvua."

Nje mtu alikuwa akisukuma mashine ya kukata nyasi, na harufu ya nyasi ilikuwa ikiingia.

"Ni bolti mbili tu, Trevor," nikasema. "Ndiyo kazi yake ya mwisho. Kila kitu kingine alichogusa kitakuja kubadilishwa siku moja, najua. Lakini msimu huu mmoja, iache iruke."

"Avril, yeye hayupo kuulizwa…"

"Sema tu amekufa. Halitaniua hilo neno."

Trevor alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa kichafu kuliko miwani yenyewe. "Jumanne Daktari atakuja," akasema. "Mwache atazame. Akiridhika atasaini, na mimi hiyo tarehe sijaiona."

"Nev angekurushia spana."

"Alishanirushia kwa madogo kuliko hilo. Shabaha ndiyo hakuwa nayo."

Akaondoka na kitabu chake. Nilifurahi. Nilirudi kwenye kitani changu, nikamaliza kukata, kisha nikachukua tochi na futi ya kupimia nikaenda mkiani kupima tundu, kwa sababu kipande kikizidi hata kidogo kinakunjamana rangi ya kukazia ikikauka. Wenzangu walikuwa wametoka kula. Nililala chali juu ya ubao wa magurudumu, nikajisukuma chini ya mkia, nikamulika.

Waya ulikuwa pale. Ulikuwa umesokotwa kwa mkono wake, mizunguko iliyolingana yote, na ncha imekunjwa ndani ili isimchome mtu kidole. Niliutazama kwa raha kwanza. Halafu nikautazama tena.

Waya ule haukazi kitu. Bolti zinakazwa kwa spana, kisha vichwa vyake vyenye matundu vinapitishiwa waya, na kazi ya waya ni kuzuia tu. Lazima ulale upande ambao bolti moja ikitaka kulegea itaivuta mwenzake izidi kukaza. Hapo zote mbili zimekwama. Ukiulaza upande mwingine, moja ikilegea inaipa nyingine ruhusa. Haya nilifundishwa na Nev mwenyewe, mezani jikoni, kwenye kipande cha ubao chenye bolti mbili kuukuu. Nilikuwa nikikosea, ananiambia, "Iulize bolti: ukitaka kutoroka unapita wapi? Halafu simama mlangoni."

Nilizunguka upande wa pili, nisije nikawa naangalia kinyume kwa sababu nimelala. Nikainua mkono, nikafanya kwa vidole: kulegea ni huku, kukaza ni huku. Mara tatu.

Nev alikuwa amesimama kwenye mlango usio wenyewe.

Nilitoka chini ya mkia nikakaa juu ya sanduku la rangi. Sikulia. Niliona mambo waziwazi kuliko kawaida, mpaka kutu kwenye msumari wa ukutani. Nikafikiri: hakuna ajuaye. Nikienda sasa hivi kwa Trevor nikamwambia, nimejirudi, sheria ni sheria, kata, ataona nimefanya jambo la heshima. Waya utakatwa, utatupwa kwenye kopo la vipande, na Daktari hatauona kamwe. Wala nitakuwa sijasema uongo hata neno moja. Nev atabaki na miaka yake ishirini na miwili.

Nikainuka nikaenda kwenye ubao wa zana. Kila zana ina msumari wake, na ukiichukua unatundika kibati chenye jina lako mahali pake. Nilitundika kibati changu, nikachukua koleo la kukatia, nikarudi chini ya mkia. Nikaweka meno ya koleo juu ya waya.

Nev alianza kunywa zile dawa za moyo Septemba. Asubuhi zilimfanya kichwa kizito. Alikuwa akikaa kitandani na soksi moja mkononi, ananiuliza ni siku gani. Kufikia saa sita alikuwa mzima kabisa. Kwa hiyo nilijua jambo ambalo Trevor hakulijua: kama asubuhi ile ya Novemba mkono wake ulipotea, kulikuwa na asubuhi nyingine kabla yake. Kazi zote hizo zilikuwa na sahihi mbili, ndiyo, lakini sisi sote tulitazama kazi ya Nev kama mtu anavyotazama saa ya kanisa. Unasoma, hukagui. Na anayekaa juu ya bolti hizo ni Imogen, ambaye siku za wiki anaendesha helikopta ya wagonjwa, na Jumamosi anakuja na watoto wake wawili wanaokimbizana kwenye nyasi.

Nikaondoa koleo.

Trevor alikuwa amesharudi, anamalizia mkate wake kando ya injini.

"Trevor, njoo na miwani."

"Ipi, ya kusomea au ya kujidanganyia?"

"Ya kusomea."

Alijisukuma chini ya mkia na tochi yangu. Alikaa huko muda mrefu hata nikaona viatu vyake vimetulia kabisa, kama vya mtu aliyelala. Alipotoka alikuwa na vumbi la rangi kwenye nyusi.

"Alikuwa amechoka," akasema.

"Ndiyo."

"Sikiliza. Sheria inatutaka tukate. Tungekata hata kama ingekuwa sawa. Nakata sasa hivi mimi mwenyewe, nafunga upya, na hakuna haja ya mtu yeyote kujua."

Alikuwa akinipa mkononi kile kile nilichokuwa nimekwenda kukichukua. Nilimpenda kwa hilo. Bado nampenda.

"Na zile nyingine?" nikamuuliza.

"Zipi nyingine?"

"Tangu Septemba."

Nikamwambia habari za dawa, na soksi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaenda kuchukua kitabu cha kazi, akaketi sakafuni nacho, mtu wa miaka sabini na minne, akaanza kupekua na kuhesabu kwa kidole.

"Kumi na moja," akasema. "Mbili ziko ndani ya bawa la chini. Itabidi tuchane kitambaa chako cha majira yote ya baridi."

"Kitashonwa tena."

"Tutakosa kuirusha Jumapili ya kwanza ya Mei. Watu wamekwisha kutangaziwa."

"Watakunywa chai, watamtazama akiwa amesimama. Ethel akisimama ni mzuri vilevile."

"Na daftari jekundu?"

"Lilete niandike."

"Avril. Marehemu hatumwandiki."

"Yeye hawezi kuandika mwenyewe. Na angekuwepo angeandika, unajua angeandika. Angeandika kwa herufi kubwa, halafu asingesema na mtu wiki nzima."

Trevor alicheka kidogo kwa pua, akaleta daftari. Niliandika tarehe ya kazi, mahali, na kosa: waya umelazwa upande wa kulegea. Jina: Neville Dowse.

Jumanne Daktari aliambiwa. Ni mwanamke mfupi, ananyoosha mgongo kama askari, na habari mbaya huzipokea bila kubadilika uso, nadhani kwa mazoea ya kuwapa watu habari mbaya. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Hizo kumi na moja nilizisaini mimi."

"Hakuna anayekulaumu, Daktari," Trevor alisema.

"Sijakuuliza kama unanilaumu. Nipe tochi."

Zilikuwa wiki tatu za kazi, na, niseme ukweli, zilikuwa wiki nzuri. Nilichana kile nilichoshona, wao wakafungua, Daktari akaingiza kioo chake, wao wakafunga, nami nikashona tena. Mishono yangu ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Watu walioacha kuja tangu mazishi walirudi. Kila tulipofungua mahali tukakuta kazi ya Nev iko sawa, mtu alipiga mluzi, na Daktari akaweka alama kwa penseli. Moja sawa. Mbili sawa. Saba sawa. Mpaka kumi sawa.

Ya kumi na moja ilikuwa ndani ya bawa la chini, upande wa kushoto. Kuna nati pale inayozuiwa kwa pini ya chuma laini. Ukishaipitisha pini, unaikunja miguu yake, mmoja huku na mmoja huku, isichomoke. Pini ilikuwemo. Miguu yake ilikuwa imenyooka kama siku ilipotoka dukani.

Daktari alishusha kioo.

"Naikumbuka siku hiyo," akasema. "Alikuwa amepauka. Nilitaka amalize aende nyumbani. Nilitazama uso wake, pini sikuitazama."

Imogen, ambaye alikuwa amekuja kuona mambo yanaendaje, aliinama akaitazama ile pini kwa karibu, akaigusa kwa kidole, ikasogea. Akanyoosha mgongo akanitazama mimi. Alinishika tu bega kwa nguvu kidogo, kisha akaenda kuwaita watoto wake.

"Basi keki mbili," Trevor akasema hatimaye.

"Mbili," Daktari akakubali. "Yangu haitakuwa na sukari."

"Hiyo si keki, hiyo ni adhabu ya pili."

Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba kuufunga upya ule waya wa mkiani mimi mwenyewe, na Trevor akakubali, kwa sharti kwamba Daktari asinihurumie. Hakunihurumia. Wa kwanza aliukataa kabla sijamaliza kujifuta mikono. "Umelegea katikati," akasema. "Kata." Wa pili aliuzungushia kioo mara nne, akaniuliza bolti ya kushoto ikitaka kutoka itapita wapi, nikamjibu, akaniuliza na ya kulia, nikamjibu. Akasaini chini yangu. Vipande vya waya wa Nev vilikwenda kwenye kopo pamoja na vipande vyangu, na kopo likamwagwa Jumamosi kama kawaida. Trevor aliniuliza kama nataka kuvichukua. Nilimwambia hapana. Nyumbani nina koti lake na ninalo trekta lake bovu uani, vinatosha.

Jumamosi ya kwanza ya Mei niliamka mapema nikaoka. Sikufikiri mara mbili nioke nini. Nev alipenda kitu kimoja tu, ule mkate wetu mzito wa zabibu, zabibu zimelala kwenye chai kali usiku kucha, ukatwe vipande vinene, upakwe siagi, na juu yake kipande cha jibini. Nilioka miwili, nikaifunga kwa taulo, nikaenda nayo ingali na joto.

Trevor aliinua taulo, akachungulia.

"Hii nini?"

"Keki ya Nev."

"Avril, huu ni mkate."

"Nev aliuita keki."

"Miaka ishirini na miwili nasubiri, mama, halafu unaniletea mkate?"

Ukazuka ubishi ambao nadhani hauwezi kuzuka mahali pengine popote pale duniani. Wengine walisema kitu kikipakwa siagi ni mkate. Wengine walisema kitu chenye zabibu nyingi hivyo ni keki hata ukikipaka grisi. Bwana mmoja anayefanya kazi za umeme alisema bibi yake aliuita mkate mpaka Krismasi, Krismasi akauita keki. Ilibidi tupige kura. Keki ikapata kumi na moja, mkate sita. Trevor alikataa kupiga kura kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa, na Daktari alisema kwa upande wake vyote viwili vinaoza meno.

Kisha Trevor akafungua daftari jekundu, akasoma, na nikasimama kueleza, kwa sababu keki ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimekuja na ule ubao wetu wa jikoni. Niliwaonyesha waya ulivyolazwa na unavyotakiwa kulala. Hapo ningeweza kuketi. Lakini sharti ni kueleza ulikosea vipi, na sikuona kama nimemaliza.

"Alikuwa akinywa dawa tangu Septemba," nikasema, "na asubuhi zilimzidi. Yeye hakusema. Mimi nilijua, na kila Jumamosi nilimleta hapa kwa gari langu saa mbili na nusu, kwa sababu akifika hapa anafurahi. Kwa hiyo hii nusu ni yangu."

Trevor alimeza, akafuta mikono.

"Haya," akasema. "Nani mwingine hapa anakunywa dawa yoyote? Inueni mikono, msinidanganye, nawajua."

Mikono yote ikainuka isipokuwa wa Imogen. Trevor akaitazama, akautazama na mkono wake mwenyewe uliokuwa juu, na watu wakaanza kucheka, kwanza upande mmoja halafu banda zima, mpaka Daktari akalazimika kuweka kikombe chini. Tangu siku hiyo ipo sheria mpya: ukibadilishiwa dawa unamwambia Trevor, na kwa mwezi mzima unafanya kazi ya kusugua tu. Watu wanailalamikia sana na wanaifuata.

Keki ya Daktari ililiwa na mbwa wa watu wa jirani.

Ethel aliruka Jumamosi ya tatu ya Mei, karibu wiki mbili baada ya siku iliyotangazwa. Hapakuwa na umati, ni sisi tu na watoto wa Imogen na mkulima wa kabichi wa shamba la pili, aliyezima trekta lake atazame. Tuliizungusha propela kwa mikono, wanne wanne, kama kawaida. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikakubali. Imogen aliipeleka hadi mwisho wa uwanja, akageuka, akaja kwetu. Mkia uliinuka kwanza, polepole, ukakaa sawa, na magurudumu yakafuata.

"Mkia umeinuka," Trevor akasema karibu yangu.

"Nimeuona."

Imogen alizunguka juu ya mashamba dakika ishirini, sauti ikaja na kwenda na upepo, na nilikula kipande cha mkate wa mtu mwingine bila kumuuliza.

Nilichokuwa nikikiogopa hakikutokea. Nilidhani kosa litamtoa Nev pale alipokuwa mioyoni mwa wenzake. Kumbe miezi yote ile baada ya mazishi walikuwa wakishusha sauti wakimtaja, au wakiacha sentensi katikati nikiingia. Sasa wanamtaja siku nzima. Mtu akilaza waya vibaya, wanasema ameulaza kwa Nev. Nimesikia mpaka watu wa viwanja vingine wanasema hivyo.

Mwezi wa Juni alijiunga nasi mfanyakazi mstaafu wa posta, Bwana Cuthbert Sharpe, mtu makini mwenye vidole vinene. Wiki yake ya pili alikaa na ubao wa mazoezi, akasokota waya wake wa kwanza, akampa Trevor kwa fahari. Trevor akauinua kwenye mwanga.

"Usokotaji mzuri," akasema. "Lakini umeulaza kwa Nev."

"Nev ni nani?" Cuthbert akauliza.

Trevor alinitazama, na wengine nao wakanitazama, si kwa woga. Niliweka sindano chini, nikavuta kiti.

"Mume wangu," nikamwambia. "Lete ubao nikuonyeshe."